Fundi Ratili na Kidude cha Kidoleni

Fundi Ratili hakuwa mtu wa kuamini watu, na hakuona haya kulisema hilo mbele yao. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa amezifungua mizani za wachinjaji, za wauza nafaka, za wauza misumari na za masonara, na ndani yake alikuwa ameona mengi ya kumfanya akae macho maisha yake yote: kipande cha risasi kilichogandishwa kwa nta chini ya sahani, springi iliyovutwa kwa makusudi, sumaku ndogo kama ukucha iliyobandikwa pale mkono wa muuzaji unapopita.

"Chuma hakina hila," alikuwa akiwaambia wateja huku akifungua skrubu. "Hila huletwa na mwenye chuma."

Jina la Ratili, kipimo cha uzito cha zamani, alipewa sokoni, nalo lilimkaa vizuri, maana alikuwa mfupi, mzito, na akishaketi mahali hakuna wa kumsogeza. Wafanyabiashara walipomwona akipita bila kuitwa, walipunguza sauti. Yeye alidhani ni heshima.

Nyumbani hakuwa tofauti. Alinusa maziwa kabla ya kuyanywa. Akiletewa habari njema, huuliza kwanza nani kaileta na kwa nini leo. Bintiye wa mwisho, fundi cherehani ambaye bado aliishi nao, alikuwa akisema kwamba baba yake akifika peponi atauliza mlango wa kutokea uko wapi kabla hajakubali kuingia.

Ratili alimwamini mtu mmoja tu: muuza dawa wa mtaani. Miaka kadhaa nyuma alikuwa ameitwa kukagua mizani ndogo ya duka lile, akaifungua kwa matumaini ya kukuta jambo, akaikuta safi. Alirudi mwaka uliofuata bila kualikwa, akaikuta safi vilevile. Tangu siku hiyo, kila alichosema muuza dawa kilipita kwa Ratili bila kukaguliwa. Mtu mwenye mizani ya kweli, aliamini, ni mtu wa kweli katika kila jambo. Kosa hilo lingeweza kufanywa na fundi mizani tu.

Ugonjwa ulimwingia siku ya Jumatatu, naye akaudhania kuwa wizi.

Alikuwa amemimina mafuta ya taa kwenye kopo ili aloweke skrubu zenye kutu. Akainamisha uso. Hakusikia harufu yoyote. Akachovya kidole, akakipeleka puani. Hakuna. Uso ukamwiva. Alifunika kopo, akavuka barabara mpaka kwa mwanamke aliyemuuzia mafuta yale.

"Hiki ni nini?"

"Mafuta ya taa, fundi."

"Haya ni maji yaliyopakwa rangi. Nusa."

Mwanamke akanusa, akarudisha kichwa nyuma huku akikunja pua. "Fundi, unataka kunipofua? Harufu yote hii huisikii?"

"Umemwambia na huyu aseme hivyo?" Ratili alimgeukia mteja aliyekuwa amesimama hapo na chupa yake.

"Mimi nimekuja sasa hivi, mzee," yule mteja alisema, "lakini hayo ni mafuta. Nayasikia kutoka hapa niliposimama."

Ratili alirudi kwenye karakana yake akiwa na hakika kwamba wamepanga. Jioni chakula nacho hakikuwa na chumvi. Alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Mwaka jana daktari mmoja alikuwa amemshauri apunguze chumvi kwa sababu ya presha, naye alikataa; sasa, aliwaza, mama watoto ameamua kumpunguzia kimyakimya.

"Leo chumvi imeenda wapi?"

"Imo humo humo, baba. Binti, chakula kina chumvi?"

"Kimezidi kidogo, mama," bintiye akajibu.

"Na wewe umo," Ratili alisema, akasukuma sahani.

Mkewe alinyoosha mkono, akauweka kwenye paji la uso wake, akauondoa upesi kama mtu aliyegusa sufuria. "Unachemka," alisema. "Na kikohozi hicho kikavu cha tangu asubuhi sikipendi."

Wiki zile homa ilikuwa imeingia mjini. Watu walikohoa, wakachoka, wakaumwa viungo, na wengi wakapona baada ya siku chache. Wengine, hasa watu wazima na wenye presha, walipelekwa hospitali wakihema. Ratili alikuwa amezisikia habari hizo na kuzipima kwa mizani yake mwenyewe. Kama wengi wamepona nyumbani, aliuliza, hospitali wanatafuta nini kwa hao wachache? Mbona kila anayeingia huko huwekwa mashine? Nani kaileta mashine?

Kesho yake alikwenda kwa muuza dawa. Alieleza: homa, kichwa, mgongo kama umepigwa, kikohozi kisichotoa kitu. Muuza dawa alimsikiliza, akampa vidonge vya rangi mbili, vya antibayotiki, ameze asubuhi na jioni kwa siku tano.

"Hospitali niende?"

"Ukizidiwa, nenda," muuza dawa alisema. "Lakini anza na hivi."

Ratili hakusikia sehemu ya kwanza ya jibu. Alimeza vidonge vile kwa saa, bila kukosea hata mara moja, kama mtu anayefuata amri ya jeshi.

Siku ya nane homa ilishuka. Aliamka, akakaa kitandani, akatangaza kwamba amepona. Lakini mkewe alimsikia akitangaza, na hakukipenda alichosikia. Mume wake alikuwa mtu wa maneno marefu. Sasa alisema, "Nimepona," akavuta pumzi, "leo naenda," akavuta tena, "kazini." Alipotoka chooni alishika mwimo wa mlango, akasimama hapo kama mtu anayesoma tangazo. Bintiye alimletea chai, akamtazama midomo. Ilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

"Baba, unahema."

"Sihemi. Navuta hewa. Kila mtu anavuta."

"Twende hospitali."

"Kufanya nini? Mtu akipona ndipo anaenda hospitali?"

Mke na binti wakatoka chumbani. Ratili alisikia minong'ono ukumbini, kisha simu, kisha minong'ono tena. Mtu akisikia watu wake wakinong'ona hivyo, hata asiye na shaka huipata. Yeye alikuwa nayo ya akiba.

Aliyekuja alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa gari la mizigo, mtu mcheshi ambaye Ratili hakuwahi kumwelewa. Kwa miaka mingi alimshuku kwamba anaimezea mate karakana yake, kwa sababu tu shemeji huyo aliwahi kusema kuwa ipo mahali pazuri.

"Shemeji, pole," yule dereva alisema, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha. "Nimesikia umepona."

"Umesikia vizuri."

"Basi nina kazi yako. Pale kliniki mizani yao ya kupimia watoto wachanga imeharibika. Inawapunguza watoto. Mama mmoja ameambiwa mwanawe amekonda, amelia mpaka basi. Wanatafuta fundi."

Macho ya Ratili yaliwaka. Mizani inayodhulumu watoto wachanga! Alivaa shati, akachukua mkoba wa vifaa, akashuka ngazi mbili za mlangoni akiwa ameshikwa mikono huku na huku, na hakujiuliza kwa nini mkewe na bintiye nao wanapanda gari.

Pale kliniki, ndani ya uzio wa hospitali, mizani ya watoto ilikuwa kwenye chumba cha kwanza, juu ya meza yenye shuka jeupe. Ratili alitoa jiwe lake la mizani la kilo moja, lile la shaba alilolificha ndani ya soksi ili lisikwaruzwe, akaliweka. Mshale ukasimama kwenye kilo moja. Akaliweka jiwe kwenye ukingo wa sahani, akaliweka ukingo wa pili. Kilo moja. Akageuka polepole. Alikuwa anatweta kana kwamba amepanda mlima.

"Mizani hii," alisema, "ni nzima."

Shemeji yake alitazama sakafu.

"Mmenidanganya."

"Tumekudanganya, baba," bintiye alisema, na machozi yalikuwa yamemlenga. "Ungekuja kwa ukweli?"

Hapo ndipo hatari ilipozidi, ingawa wao walidhani wameshaivuka. Mtu aliyekuwa akishuku bila ushahidi sasa alikuwa na ushahidi. Walikuwa wamemleta kwa uongo. Basi kila kitakachofuata humu ndani ni uongo. Aliufunga mkoba wake, akaelekea mlangoni.

Muuguzi aliyekuwa zamu alimzuia, si kwa mikono bali kwa kusimama tu. Alikuwa mama wa makamo, mpana, mwenye kalamu mbili nyuma ya sikio. "Mzee, keti kidogo. Nikubane kidole, basi uende."

Kilikuwa kidude kidogo mfano wa kibanio cha nguo, chenye taa nyekundu ndani. Alikiweka kwenye kidole cha shahada cha Ratili. Namba zikacheza, zikatulia. Themanini na tatu. Muuguzi alitazama namba, akamtazama yeye, akaita kwa sauti ya kawaida mno: "Daktari, njoo kidogo."

Ratili aliisikia sauti ile ya kawaida mno, akaitambua. Ni sauti ya mchinjaji anayekuambia kwamba mizani haina shida.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alieleza bila haraka kwamba namba ile ni kiasi cha oksijeni katika damu. Kwamba mtu mzima asiye na ugonjwa huwa na tisini na tano au zaidi. Kwamba themanini na tatu ni hatari, na itabidi alazwe na kuwekewa oksijeni sasa hivi.

"Binti yangu," Ratili alisema, "shule umemaliza lini?"

"Juzi tu, mzee. Ndiyo maana bado nayakumbuka masomo."

Shemeji alicheka, kisha akajutia kicheko chake.

"Kidude chako kibovu," Ratili alisema. "Mimi sijisikii vibaya. Mtu aliyepungukiwa hewa si angekuwa anagaagaa chini? Mmenileta kwa uongo. Sasa mna namba. Kesho mtakuwa na mashine. Mimi naenda nyumbani."

"Ukienda nyumbani," daktari alisema, "naogopa hutarudi kwa miguu yako. Naogopa hutarudi kabisa."

Mkewe, ambaye kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kumpigia kelele mbele za watu, alipiga meza kwa kiganja. "Basi kipime!" alisema. "Kipime hicho kidude, wewe si ndiye fundi? Kila siku unapima vitu vya watu. Hiki kimekushinda?"

Ratili alimtazama mkewe, akamtazama muuguzi. Muuguzi alikivua kidude kidoleni mwake, akampa mkononi. "Haya, fundi. Kipime unavyojua. Lakini ufanye ukiwa umekaa, na uvute hewa hii huku unapima." Akamsogezea mrija wa oksijeni bila kumpachika, akausimamisha mbele ya uso wake.

"Huo weka mbali," Ratili alisema. "Usinichanganyie hesabu."

Akaanza. Alikifungua kidude, akapuliza vumbi ndani, akakosa pumzi, akangoja ikarudi. Kwanza alimpima mkewe: tisini na saba. Akampima mara ya pili, mara ya tatu. Tisini na saba, tisini na nane, tisini na saba. Akampima shemeji: tisini na nane. Akamtazama kwa chuki kidogo, kana kwamba hata hiyo amemwibia. Bintiye: tisini na tisa. Akajipima yeye: themanini na mbili.

"Vidole vyangu vina grisi," alisema.

Muuguzi akamletea beseni na sabuni. Aliviosha vidole vyote kumi, akavifuta kimoja kimoja. Kidole cha shahada: themanini na tatu. Cha kati: themanini na mbili. Mkono wa kushoto: themanini na tatu. Akaomba kidude kingine, kisichotoka chumba hiki. Daktari mwenyewe alikwenda kukichukua wodini, na Ratili akamtuma bintiye afuatane naye ili aone kinakochukuliwa. Kilipofika akampima mkewe, tisini na saba. Akajipima, themanini na moja.

Wakati huo jasho lilikuwa limemlowesha shati, na kati ya neno na neno palikuwa na pumzi mbili. Aliviweka vidude vyote viwili juu ya meza, kimoja kando ya kingine, akavitazama kwa muda mrefu. Kila mmoja mle chumbani alijua anafanya hesabu gani, na kwamba akiikosea atatoka kupitia mlango ule.

Mizani mbili zisizojuana zikitoa jibu moja, na zikimpa kila mtu haki yake isipokuwa mmoja, fundi hagusi springi. Anatazama kilichowekwa juu ya sahani.

"Kilichopungua," alisema hatimaye, "ni mimi."

Muuguzi hakungoja aseme tena. Alimpachika mirija puani, na hewa ikaanza kupita kwa sauti ya kuvuma.

"Lakini mbona sijisikii vibaya?" aliuliza alipolazwa. Safari hii hakuwa anabishana.

"Ugonjwa huu una tabia hiyo," daktari alisema. "Virusi vinashambulia mapafu, mapafu yanavimba, oksijeni inashuka polepole na mwili unazoea. Homa inaondoka, mgonjwa anafikiri amepona, kumbe wiki ya pili ndiyo mbaya. Ulianza kutosikia harufu lini?"

Ratili alifumba macho. Alikuwa na aibu kidogo. "Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Na ulimeza nini?"

Alimweleza vidonge vya rangi mbili. Daktari alitikisa kichwa bila ukali. Vile, alisema, huua bakteria. Virusi havivigusi kabisa. Ratili hakumtetea muuza dawa, wala hakumlaani. Mizani ya duka lile ilikuwa ya kweli siku zote; ila mizani hupima gramu, na yeye ndiye aliyeiomba ipime kitu kingine.

Walimpa dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu na sindano za tumboni za kuzuia damu isigande. Walimwambia alale kifudifudi kwa saa kadhaa kila siku, ili sehemu ya nyuma ya mapafu ipate nafasi ya kufunguka. Hilo nalo alilishuku. Mtu anayelazwa kifudifudi haoni anachofanyiwa. Alilala hivyo huku amegeuza shingo upande wa mashine, jicho moja likiwa kwenye gololi ndogo iliyoelea ndani ya bomba la kioo kuonyesha lita za hewa. Muuguzi alipogusa kitasa, aliuliza: "Umeipandisha au umeishusha?"

"Nimeipandisha."

"Kutoka ngapi?"

"Sita. Sasa nane. Nikuandikie?"

"Niandikie."

Alikuwa anatania, lakini aliandika kweli, kwenye kipande cha karatasi alichokibandika ukutani mahali Ratili angeweza kukisoma. Kuanzia hapo kila aliyegusa kitasa aliandika.

Siku ya tatu namba kwenye karatasi zilipanda vibaya. Nane, kumi, kumi na mbili. Wakamwondolea mirija, wakamvika barakoa yenye mfuko, lita kumi na tano. Hakuweza tena kuuliza maswali. Aliwatazama tu waliopita. Asubuhi ya siku ya nne kitanda cha jirani yake, mzee mmoja mfua vyuma ambaye walikuwa wakipungiana mikono, kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka jipya. Ratili alikinyooshea kidole. Muuguzi alisimama. Angeweza kusema amehamishwa. Ratili alingoja aseme hivyo, na alikuwa tayari kutomwamini yeyote tena mle ndani.

"Amefariki alfajiri," muuguzi alisema. "Tulijitahidi naye. Mapafu yalikataa."

Ratili akageuka mwenyewe, polepole, akalala kifudifudi kabla ya kuambiwa.

Kwenye karatasi namba zilisimama siku mbili mahali pamoja, kisha zikaanza kushuka: kumi na mbili, tisa, tano. Barakoa ikaondoka, mirija ikarudi. Siku ya tisa chakula kilikuwa na chumvi, akamwambia mkewe kwamba imezidi, na mkewe akacheka mpaka akaketi. Siku ya kumi shemeji alikuja na machungwa, akasimama mbali kidogo na kitanda.

"Shemeji, ule uongo wangu..."

"Ulikuwa uongo mbaya," Ratili alisema. "Mtu wa mizani humwambii mizani imeharibika halafu ukamwachia jiwe mkononi."

"Ningesema nini?"

Ratili alifikiri kwa dhati. "Ungesema daktari ana mizani nzima. Ningekuja mbio kuikagua."

Siku ya kumi na mbili daktari alimbana kidole. Tisini na tano, bila mrija, tangu jana. Akasema aende nyumbani, atembee kidogo kidogo, asirudi kazini kwa wiki nne, na akihema au midomo ikibadilika rangi arudi siku hiyo hiyo.

Mkewe alikuwa ameshakunja shuka. Ratili hakushuka kitandani.

"Tisini na tano nikiwa nimelala," alisema. "Nikitembea je?"

"Tutakupima ukitembea," daktari alisema.

Wakatembea naye ukumbini, mpaka dirisha la mwisho na kurudi. Tisini na tatu, ikapanda tena alipoketi.

"Na ngazi?"

"Mzee, nyumbani kwenu kuna ghorofa?"

"Kuna ngazi mbili mlangoni."

"Baba," bintiye alisema, "ulikataa kuingia, sasa unakataa kutoka?"

"Sikatai. Nauliza." Alishika ukingo wa kitanda. Sauti yake ilishuka, na kwa mara ya kwanza walisikia kwamba chini ya maswali yale yote palikuwa na woga. "Hapa kuna mtu wa kuniambia ukweli ukibadilika. Kule nikikaa nikajiona mzima, nani ataniambia?"

Muuguzi mpana alizitoa kalamu nyuma ya sikio, akageuka kwa mkewe. "Mama, kwa miaka yote hii umewahi kumwambia ukweli akausikia?"

"Mara moja," mkewe alisema. "Kama wiki mbili zilizopita. Nilipiga meza."

"Basi nyumbani mna meza?"

"Ipo."

Ratili aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akitafuta wamepanga nini. Kisha akateremsha miguu, akavaa viatu, akampa mkewe mkono ili amshike.